Kusanyiko la Hukwe Zawose: Albamu ya Uzeeni na Swali la Muziki wa Ibada

1. Swali kutoka Chemba

Wanafunzi wa theolojia watokapo kwenye mafunzo ya vitendo sharikani hurudi na daftari zilizojaa hesabu za ubatizo, kipaimara na sadaka. Mara chache hurudi na swali. Miaka michache iliyopita mmoja wao alirudi kutoka mtaa mmoja wa wilaya ya Chemba, akatuletea swali ambalo limetushughulisha kuliko karatasi zake zote za mitihani.

Mtaani pale, alisema, yuko mzee Mgogo aliyepiga zeze tangu ujana wake. Alipobatizwa aliambiwa na waliomfundisha ya kuwa chombo kile ni cha pombe na cha mizimu, naye akakitundika darini. Miaka ikapita. Kwaya ya vijana ikanunua kinanda cha umeme. Kisha kiongozi mmoja mwenye nia njema akamwomba mzee alete zeze lake Sikukuu ya Mavuno. Mzee akafurahi, akalifuta vumbi, akatengeneza nyuzi. Lakini mazoezini zeze na kinanda vilikataana. Vijana wakamwambia kwa adabu, "Babu, kaza kidogo ulingane na kinanda." Mzee akajaribu mara mbili, mara tatu, halafu akaliweka chini akasema kwamba zeze likikazwa hivyo halisemi tena. Siku ya Mavuno kikapigwa kinanda peke yake, na zeze likarudi darini.

"Je," aliuliza mwanafunzi wetu, "nani alipaswa kumfuata mwenzake?"

Mtu aweza kudhani kwamba hilo ni swali dogo la mafundi wa muziki. Sisi tunaamini kwamba ni swali la Kanisa, maana linahusu namna watu wasiolingana wanavyofanywa kuwa kusanyiko moja. Katika kulitafutia jibu tumesaidiwa sana na albamu ambayo haikutungwa kwa ajili ya ibada, wala mtungaji wake hakudai hivyo. Nayo ni albamu ya mwaka 2002 ya Hukwe Ubi Zawose na mpwa wake Charles Zawose, iitwayo Assembly, neno la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni kusanyiko. Katika makala hii tutajaribu kuipima albamu hiyo kwa haki, kisha kuona inatuambia nini sisi tunaosimamia ibada katika nyanda za kati za Tanzania.

2. Mwimbaji na njia yake

Hukwe Zawose alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 katika nchi ya Wagogo, mkoani Dodoma, na ukoo wake unajulikana kuwa wa kijiji cha Nzali. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Julius Nyerere, aliyevutiwa na muziki wake, alimwita Dar es Salaam, naye akawa mmoja wa wasanii ambao taifa jipya liliwatuma kuuonyesha ulimwengu sura ya utamaduni wake. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, yeye alikuwa miongoni mwa walimu wake. Hicho ndicho chuo ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko Bagamoyo alijenga makazi ya ukoo mzima wa waimbaji, na huko ndiko alikofariki tarehe 30 Desemba 2003.

Nje ya nchi jina lake lilianza kusikika katika miaka ya 1980, aliporekodi pamoja na ndugu zake Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute albamu ya Tanzania Yetu, iliyotoka Uingereza mwaka 1985. Mwaka 1996 ikafuata Chibite, chini ya lebo ya Real World iliyoanzishwa na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel mwaka 1989. Baadaye ikaja Mkuki wa Rocho. Msomaji wa Maandiko hawezi kulisikia jina hilo la mwisho bila kukumbuka neno la Simeoni kwa Mariamu hekaluni, juu ya upanga utakaoipenya nafsi yake (Lk. 2:35). Hatusemi kwamba Zawose alikuwa akimfikiria Mariamu. Tunasema tu kwamba alijua, kama Simeoni alivyojua, ya kuwa liko neno ambalo haliishii sikioni.

Katika Chibite na Mkuki wa Rocho twasikia muziki wa Kigogo karibu kama ulivyo nyumbani: sauti za watu, ilimba, zeze, filimbi, njuga na makofi. Assembly ni kazi ya namna nyingine. Zawose alikwisha kupita miaka sitini. Alikuwa na jina, alikuwa na wanafunzi, alikuwa na haki ya kurudia aliyokwisha kuyafanya vizuri. Badala yake alikubali kuketi na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada, aliyekuwa amekwisha kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji mkuu wa kawali wa Pakistani, katika albamu ya Mustt Mustt ya mwaka 1990. Brook anajulikana pia kwa kubuni gitaa ambalo mlio wake haufi mpaka mpigaji atake, ingawa uzi umeguswa mara moja tu. Hivyo Assembly ni albamu ya mzee aliyefungua mlango wa nyumba yake kwa mgeni mwenye vyombo vya umeme. Wasikilizaji wengi wa ng'ambo waliipokea kwa sifa, na mwaka huohuo wa 2002 Hukwe na Charles walisafiri Marekani wakifungua maonyesho ya Peter Gabriel.

3. Kwa nini zeze na kinanda hukataana

Kabla ya kuhukumu albamu hiyo yatupasa kueleza jambo moja la ufundi, maana pasipo hilo hatutamwelewa Zawose wala mzee wa Chemba.

Uzi au bomba litikiswapo halitoi sauti moja. Juu ya sauti ya msingi huzaliwa nyingine nyembamba, kila moja kwa mpango uliowekwa na maumbile yenyewe, si na mwanadamu. Wataalamu walioutafiti muziki wa Wagogo wameonyesha kwamba ngazi yake ya sauti imechotwa humo, takriban kutoka sauti ya nne hadi ya tisa katika mpango huo. Ndiyo sababu waimbaji wa Kigogo wanapopandisha sauti mbili au tatu pamoja, hewa yenyewe yaonekana kulia. Ilimba hujengwa kwa sheria hiyohiyo. Miongoni mwa vipande vyake vya chuma vimo ambavyo kidole hakivigusi kabisa. Hivyo hukaa kimya mpaka vile vinavyopigwa viviamshe, ndipo navyo hutetemeka na kuitikia. Tundu la sanduku lake huzibwa kwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake.

Kinanda cha kizungu hakikufanywa hivyo. Ili kiweze kupiga nyimbo za ngazi zote, sauti zake zimegawanywa kwa vipimo sawasawa, na kila moja imesogezwa kidogo kutoka mahali ilipozaliwa. Sauti ya saba ya maumbile, ambayo Mgogo huimba pasipo shida, iko chini ya ile ya kinanda iliyo karibu nayo kwa kiasi cha theluthi moja hivi ya nusu-toni. Kwa sikio lililolelewa na kinanda, zeze "limepotoka". Kwa sikio lililolelewa na zeze, kinanda ndicho kilichopotoka, na kwa hesabu ya maumbile mzee anayo hoja.

Basi vijana walipomwambia mzee akaze kidogo, hawakumwomba jambo dogo kama walivyodhani. Walimwomba aache lugha yake, abaki na lafudhi tu.

4. Kusanyiko lenyewe

Sasa na tuisikilize albamu. Jambo la kwanza linalomgusa msikilizaji ni sauti ya Hukwe, ambayo uzee haukuidhoofisha. Hushuka hadi mngurumo wa kifuani, kisha bila onyo hupaa hadi sauti nyembamba ambayo mtu asiyemjua angedhani ni ya mama. Charles huja kando yake, wala hashindani naye. Ni sauti ya kijana aliyejifunza kwa kukaa karibu na mzee, akijua lini aingie na lini anyamaze. Chini yao ilimba huzunguka kama mtu anayetwanga, mapigo yakirudi palepale lakini kila safari yakiwa na tofauti ndogo.

Je, mgeni yuko wapi? Katika sehemu zilizo bora za albamu hii mgeni yupo nyuma. Gitaa la Brook halisongi mbele kutafuta sifa. Hutandaza sauti ndefu, kama mkeka, na juu yake ilimba na zeze hukaa kwa ngazi yao wenyewe. Kwa masikio yetu ni dhahiri kwamba aliyesogea ni yeye. Alikitafuta kile ambacho ilimba ilikuwa inasema, akakirefusha, bila kukisahihisha. Katika nyakati hizo gitaa hutenda kazi ileile ya vipande vya chuma visivyopigwa: huamshwa na wengine, huitikia, na kuongeza mvumo. Chombo cha umeme kutoka Kanada kimekubali nafasi ya chuma kimya katika sanduku la Kigogo. Hilo ndilo lililotufanya tuone kwamba jina la albamu halikuwa pambo tu.

Hata hivyo mhakiki asiyeona dosari hawasaidii wasomaji wake. Ziko sehemu ambapo besi na midundo ya studio huingia kwa mapigo yaliyonyooka mno. Ngoma ya Kigogo huyumba kwa makusudi, kama mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani anayepita njia ya mawe. Mdundo usioyumba ukiwekwa chini yake, mwendo huo hugeuka kuwa gwaride. Hapo mgeni ameketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, ingawa bila kukusudia.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Muziki wa Wagogo ni wa watu wengi. Kuna mwanzishi, waitikiaji na wapiga makofi, na kuna akina mama wenye ngoma za muheme mapajani. Katika Assembly tunao wanaume wawili na mafundi wa studio. Wale wengine, ambao ndio kijiji chenyewe, hawasikiki sana. Ni kusanyiko lililopungukiwa na mkutano. Anayetaka kuusikia mkutano huo ni heri arudi kwenye Chibite.

Wako wanaokwenda mbali zaidi, wakisema kwamba mzee aliuuza urithi wake kwa soko la wageni. Hukumu hiyo hatuikubali. Inadhani kwamba kabla ya mwaka 2002 palikuwa na muziki safi usioguswa, na kwamba Zawose alikuwa mlinzi wa makumbusho. Ukweli ni kwamba maisha yake yote alikuwa mtengenezaji wa mapya. Alipiga ilimba kubwa zenye vipande vingi na zeze lenye nyuzi nyingi kuliko yale ya kawaida. Alifundisha Bagamoyo vijana wa makabila mengine ambao babu zao hawakujua ilimba ni nini. Aliimba siasa ya taifa lake, na katika Chibite aliweka wimbo wa kusisitiza amani ya dunia nzima. Wala Zaburi ya 137 haimhusu kwa njia rahisi. Wale waliotundika vinubi vyao kando ya mito ya Babeli waliombwa wimbo na waliowachukua mateka. Zawose alialikwa, akaenda kwa miguu yake, akarudi kwake Bagamoyo. Swali la haki, kwa hiyo, haliwi kama alichanganya au hakuchanganya. Swali ni kwa masharti ya nani.

5. Nani amfuate nani

Tumefika mahali ambapo albamu na mtaa wa Chemba vinakutana.

Mwezi Januari 1996, mwaka uleule wa Chibite, Fungamano la Kilutheri Duniani lilitoa mjini Nairobi tamko lake juu ya ibada na utamaduni. Tamko hilo lilifundisha kwamba ibada ya Kikristo inahusiana na utamaduni kwa njia nne: iko juu ya tamaduni zote, huvaa mazingira ya mahali, hupinga yale yaliyo kinyume cha Injili, na hushirikisha tamaduni mbalimbali. Wanafunzi wetu huzikariri njia hizo nne kwa mtihani. Tunaogopa kwamba sharikani mara nyingi tunaishi njia moja tu, ile ya nne, na tunaiishi kwa upande mmoja: sisi tunapokea vya wengine, na vyetu vinangoja darini.

Wala hatuwezi kusema kwamba baba zetu hawakutuonyesha njia. Katika miaka ya 1960, pale Makumira, Howard Olson aliwahimiza wanafunzi walete tenzi zenye sauti za kwao, na kutokana na kazi hiyo tukapata kitabu cha Tumshangilie Mungu. Mchungaji Bernard Kyamanywa alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, ambao leo huimbwa na Walutheri wa mabara mengine pia. Luther mwenyewe alipoutoa mwaka 1535 wimbo wake wa Krismasi, Vom Himmel hoch, uliimbwa kwa sauti ya wimbo wa mitaani. Miaka minne baadaye, mwaka 1539, ulichapwa ukiwa na sauti nyingine, yake wenyewe. Twajifunza hapo mambo mawili pamoja: kwamba Mwanamatengenezo hakuogopa kuazima, na kwamba alijiwekea haki ya kupima tena alichoazima.

Kwa sababu hiyo hatuwashutumu kwa wepesi waliomwambia mzee atundike zeze lake. Dhamiri ya mtu aliyetoka juzi katika matambiko si jambo la kuchezea, na Paulo anatuonya tusimkwaze ndugu kwa ajili ya vitu ambavyo kwetu ni halali (Rum. 14). Palikuwa na pombe kweli, palikuwa na mizimu kweli. Lakini katazo lililotolewa kwa ajili ya wakati mmoja lilisahauliwa kupimwa tena, na kilichokuwa dawa kikawa desturi. Tena tuseme wazi: kinanda nacho hupigwa baa kila Jumamosi usiku, wala hatujasikia usharika uliokitundika darini.

Sasa twaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Katika kusanyiko la Kristo, mwenye nguvu ndiye anayesogea kwanza. Hiyo ndiyo njia ambayo Paulo anaisifu katika barua kwa Wafilipi, sura ya pili, juu ya yule aliyekuwa na utukufu wote akautwaa unyonge wetu. Hakutuambia tukaze nyuzi zetu tulingane naye kisha atusikilize. Alishuka hadi sauti yetu, akaimba humo. Mtaani Chemba aliye na nguvu ni kinanda: ndicho chenye spika, ndicho kilichonunuliwa kwa michango, ndicho kinachoheshimiwa na vijana. Basi kinanda ndicho kinachopaswa kusogea. Na kinaweza, maana vinanda vingi vya umeme vya siku hizi vina uwezo wa kushusha au kupandisha sauti mojamoja kwa kiasi kidogo, jambo ambalo wapigaji wetu wengi hawajafundishwa. Kisipoweza, kitandaze sauti moja ndefu ya msingi, kama gitaa la Brook, na zeze lipite juu yake. Na kisipoweza hata hilo, kinyamaze kwa wimbo mmoja. Kunyamaza nako ni huduma, na chuma kimya cha ilimba chatufundisha hivyo.

Wasomaji wetu wa Chemba watatukumbusha, na watakuwa na haki, kwamba wilaya yao si ya Wagogo peke yao. Tangu ilipotengwa na Kondoa mwaka 2012 imekuwa nyumba ya Warangi, Waburunge, Wasandawe na wengine, na jirani zetu wengi pale ni Waislamu. Tukiliweka zeze la Kigogo mahali pa kinanda na kuwaambia wote walifuate, tutakuwa tumembadilisha mtawala tu. Msandawe wa Farkwa au Kwamtoro, mwenye lugha ya vidoko isiyofanana na ya jirani yeyote, atakuwa amesukumwa pembeni mara ya pili. Itakuwa pia ni dhihaka kwa historia, kwa kuwa wako wataalamu wanaodhani kwamba ngazi hiyo ya sauti ambayo Wagogo wanajivunia ilitokana na kuishi kwao karibu na watu wa jamii ya Wasandawe. Kanuni tunayoitetea haisemi "zeze litawale". Yasema kwamba kila Jumapili mchungaji ajiulize ni nani aliyeombwa kusogea, na kama ni yuleyule wa Jumapili iliyopita.

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya filimbi na kinubi, akisema kwamba sauti zisipopambanuka hakuna atakayejua kinachopigwa (1 Kor. 14:7). Mara nyingi tumeitumia aya hiyo dhidi ya kunena kwa lugha. Nadhiri ya kwaya nyingi ya kulinganisha kila kitu na kinanda nayo yaanguka chini ya onyo lake. Ambapo sauti zote zimesawazishwa, hakuna ajuaye tena kama anayeimba ni wa Chemba au wa Chicago.

6. Hitimisho

Yatupasa kumalizia kwa jambo la huzuni, kwa kuwa ndilo linaloifanya hoja yetu kuwa ya haraka. Mwishoni mwa mwaka 2003 Hukwe Zawose alifariki. Mwaka 2004 Charles naye akafariki, yule aliyetazamiwa kushika nafasi ya mjomba wake. Kusanyiko lililotolewa kwa furaha mwaka 2002 lilikuwa limepoteza waimbaji wake wote wawili kabla ya miaka mitatu kuisha. Hivyo ndivyo uzi ulivyo mwembamba, hata kwa mtu aliyejulikana duniani kote. Je, si zaidi kwa mzee wa mtaani asiyerekodiwa na mtu?

Ukoo wa Zawose haukunyamaza. Mwanawe Msafiri alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017. Mwaka 2024 wakaja Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, na albamu yao ya Maisha kwa lebo ileile ya Real World. Kwa desturi ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume, na mama alikaa na muheme. Wanawake hawa wamevichukua vyombo vya baba na babu yao, wakawa mbele. Hivyo wale ambao hatukuwasikia vya kutosha katika Assembly ndio waliouokoa urithi wake. Sharika zetu, ambazo viti vyake hujazwa na akina mama, zilitafakari hilo.

Kwa wachungaji wasomao makala hii tuna ombi moja lenye tarehe. Sikukuu ya Mavuno yaja, mtama na uwele vitaletwa madhabahuni. Kabla ya hapo, na aende mchungaji nyumbani kwa mzee mmoja wa usharika wake ambaye chombo chake kiko darini. Asiende na mpiga kinanda. Aende na kijana mmoja mwenye sikio na subira, aketi, aseme mbukwenyi, anywe alichopewa, aombe kusikia. Asimwombe alingane na chochote. Mzee wa Chemba, kwa habari tulizo nazo, yungali hai. Nyuzi za zeze lake zimekatika mbili, na hajapata mtu wa kumwonyesha jinsi zinavyofungwa.